Bunting Sita za Mahafali

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Ujiji, na jeuri ya kutouliza ndiyo iliyoniponza.

Mkuu wetu wa shule, Mama Neema, aliniandikia kwenye simu: "Mwalimu, keshokutwa mahafali. Nitafutie bunting sita za rangi, tutundike mlangoni." Neno lenyewe sikulijua, lakini ningemuuliza vipi, mimi? Nikafungua kamusi: ndege mdogo mla mbegu. Maana ya pili sikuisoma. Nikaenda mpaka Ilagala, nikarudi na chiriku sita wa njano, kila mmoja na tundu lake, nikawatundika mlangoni kwa mkono wangu.

Siku ya mahafali Mama Neema akaingia na mgeni rasmi, akatazama juu.

"Mwalimu, na hawa?"

"Bunting, Mama. Sita, kama ulivyosema."

"Vibendera, Mwalimu! Vile vibendera vya kutundika kwenye kamba!"

Mgeni rasmi akajifuta bega, maana chiriku mmoja alishamkaribisha, akauliza kwa upole, "Hapa Kiingereza anafundisha nani?"

Chiriku wote sita wakaitika kwa pamoja.