Rupia Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Jumamosi ile nilitoka bandarini mchana, macho yamechoka kusoma namba za makontena tangu alfajiri. Badala ya kurudi nyumbani Tudor, nilipanda tuktuk hadi Kibokoni, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa ameahidi kuniuzia sarafu ya marehemu mumewe.

Ilikuwa rupia ya fedha ya enzi za Waingereza wa mwanzo, yenye mizani upande mmoja na jina la Mombasa. Ni adimu. Kazi ilinileta pwani kutoka bara nikiwa kijana, nikaanza kukusanya sarafu, na miaka yote hiyo rupia hii nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Miezi mitatu kabla, mama huyo alinionyesha. Ilikuwa nyeusi kingoni, na katikati ina uzambarau uliofifia. Tukakubaliana bei, nikaomba muda wa kutafuta fedha.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Leo utafurahi."

Akaniletea kisahani. Juu yake rupia iling'aa kama kijiko kipya.

"Nimekusugulia mwenyewe," akasema. "Ndimu na majivu, siku mbili. Mkono bado waniuma."

Nikatoa lenzi yangu. Mikwaruzo myembamba ilikuwa imepita kila upande, hata juu ya mizani.

"Mbona waitazama hivyo?"

Sikuwa na nguvu ya kutafuta uongo. "Mama, watu wa sarafu huzitaka na weusi wao. Ikisuguliwa, thamani hupungua, pengine kwa nusu."

Akakaa chini, akafuta mikono kwa leso yake. "Kumbe! Kila Idi nilikuwa nasafisha nyumba nzima, nikifika kwenye kijisanduku cha sarafu cha marehemu anipigia kelele. Miaka arubaini, na sababu hakuniambia." Akasukuma kisahani mbali nami. "Basi usinunue. Sitaki uchukue kitu kibovu kwa kunionea haya."

Nikamwomba anipe mpaka alasiri. Nikatembea hadi Ngome ya Yesu, nikakaa kivulini nje ya ukuta, nikijaribu kufikiri. Ningeweza kungoja nyingine. Lakini nimebakiza muda mfupi nistaafu, na hiyo nyingine, hata ikitokea, sitakuwa na uwezo wa kuinunua. Ningeweza kumpa nusu, naye angekubali, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia thamani imepungua. Jambo hilo lilinichosha kuliko kazi ya siku nzima.

Nikarudi, nikamwekea fedha zote tulizopatana.

"Sizitaki zote," akasema.

"Ndivyo tulivyokubaliana, mama."

"Tulikubaliana nyeusi."

Tulibishana hadi chai aliyonitilia ikapoa. Mwishowe akachukua noti kadhaa katika zile, akazitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati langu, akanikataza kuzitoa. Nilikuwa nimechoka mno kuendelea, nikaichukua rupia, nikaaga.

Nyumbani mke wangu alikuwa dirishani akichambua mchele. Sarafu zangu hazijawahi kumvutia, husema zote ni vifungo vya makoti ya zamani. Hii aliishika, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mom-ba-sa," akasoma polepole. "Hii angalau yasomeka."

Sikumweleza habari ya mikwaruzo. Nilivua viatu, nikajinyoosha kitandani, na chakula kilipoiva nilikuwa nimeshalala.