Gari Lisiloingia Gunia

Mke wangu alilisema neno lile siku ya Jumapili, tukitoka kanisani, akiwa amepakata beseni la dagaa. Nyuma ya pikapu yangu kulikuwa na magunia ya mkaa, na juu ya magunia walikaa watu wa jumuiya yetu wakiimba, maana lifti ilikuwa ya bure. Alisema mvua zikianza atakwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, alime mihogo, akae huko.

Nikamuuliza kukaa muda gani.

"Kukaa," akasema.

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, nikarudi kuchunga ng'ombe wa baba. Baadaye nikaja Mwanza mjini kuwa kuli bandarini, nikawa taniboi, yaani utingo wa lori, nikawa dereva wa lori la mtu, nikawa na lori langu. Sasa nina yadi Nyakato na madereva wanaoniamkia. Sikusaidiwa na mtu, na siandiki haya ili nipongezwe. Naandika ili ieleweke kwamba kwangu gari ni kitu cha kubeba. Gari tupu ni kama ng'ombe aliyejaa maziwa na hakuna wa kumkamua. Nikiwa na gari tupu barabarani sipati raha, mguu wenyewe unakwenda kwenye breki nikiona gunia limesimama pembeni na mwenyewe.

Kwa hiyo mke wangu, kwa miaka yote ya ndoa yetu, hakuwahi kupanda gari akiwa na mimi tu. Harusi ya mdogo wake alirudi na gunia la mpunga miguuni. Msiba wa mama yake tulikwenda na kreti za soda za mtu wa Bunda. Sijutii. Mizigo ile ndiyo iliyojenga nyumba na kusomesha watoto, na yeye anajua. Lakini nilimsikia aliposema kukaa, na kwetu mwanamke wa umri wake akisema jambo bila kupandisha sauti, ujue limeshapita hatua ya kujadiliwa.

Nikafikiri siku chache. Mtu wa umri wangu habadiliki, tusidanganyane. Ningemuahidi kupumzika Jumamosi na Jumapili, na Jumamosi ya kwanza angenikuta mwaloni nahesabu ndoo za samaki. Kinachoweza kubadilishwa ni gari. Nikaamua kutafuta gari la mwisho wa wiki ambalo hata nikitaka, halitabeba kitu.

Wanangu niliwaambia kwenye simu. Walicheka. Mkubwa akanitumia picha za magari makubwa meusi yenye viti saba, akasema, "Baba, hili ndilo gari la heshima yako." Nikamwambia viti saba maana yake ni watu kumi na mbuzi. Nataka la milango miwili, lile wanaloita la spoti, na liwe la bei isiyomnyima mtu usingizi. Akakata simu. Nadhani alimpigia dada yake kumuuliza kama baba ni mzima.

Mke sikumwambia. Kwetu Usukumani mwanaume haendi mnadani na mkewe. Ng'ombe unakwenda kumchagua mwenyewe, unamleta, mke anamwona akiingia zizini. Nilinunua malori yangu hivyo hivyo, na hili nikalifuata hivyo hivyo.

Dalali mmoja wa mjini alinipokea vizuri. Akaniamkia, nikaitikia, akaniuliza natafuta gari la kazi gani. Nikamwambia la kutofanya kazi. Akacheka kwa adabu, akanipeleka kwenye gari la rangi ya fedha, zuri, bapa kama samaki wa kukausha. Injini ilikuwa safi. Nikaliendesha mpaka Igoma na kurudi, likanipendeza, na mkono ulishaanza kuwasha. Ndipo akafungua buti ili animalize. "Mzee, usilione dogo. Ukilaza hiki kiti cha nyuma, unapakia hata friji."

Nikaangalia. Kweli, friji lingeingia. Na magunia matatu ya mchele yangeingia. Nikafunga buti, nikamshukuru, nikaondoka. Mpaka leo yule kijana hajui alikosea wapi.

La pili lilikuwa la vijana. Lilikuwa limeshushwa, limepakwa rangi mbili, na bomba la moshi la unene wa mkono wangu. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutisha. Nililizungusha kidogo tu, kila kichwa kikageuka, na mama mmoja akavuta mtoto wake kutoka barabarani wakati bado niko mbali. Nimeuza samaki, nimeuza ngozi, nimeuza mkaa. Kelele sijawahi kuuza na sikuona kwa nini nizinunue uzeeni.

La tatu lilikuwa la mwalimu wa chuo, upande wetu huku wa Nyegezi. Alikuwa anahama mkoa. Gari la kijani, la Kijapani, la zamani kidogo, gia za mkono, viti viwili na basi, paa la turubai ambalo unalikunja kama mwavuli. Nikamwambia kwa simu nitakuja alfajiri na asiliwashe kabla sijafika. Pale mnadani tunajua mambo. Muuzaji humlambisha ng'ombe chumvi, ng'ombe anakunywa maji mpaka tumbo linatuna, wewe unasema kanenepa. Gari nalo likishapashwa moto asubuhi, kikohozi chake hukisikii. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kumsalimia mwenye nyumba. Ilikuwa ya baridi. Akaliwasha mbele yangu, likaamka mara moja, bila moshi.

Nikaangalia tairi kama ninavyoangalia kwato, zimeliwa sawasawa. Nikalala chini nikatazama kama linavuja. Yule mwalimu akaniuliza kama sitaki kuona ndani. Nikamwambia ndani watu hufuta. Kisha nikaomba afungue buti. Lilikuwa shimo dogo, la kutosha begi moja la nguo na ndala.

"Gunia la mchele linaingia?" nikamuuliza.

Akaona aibu. Akasema hapana, mzee, kwa kweli haliingii, hata nusu. Na kabla sijafungua mdomo akapunguza bei.

Sikumsahihisha. Biashara ni biashara.

Kosa langu lilikuwa jingine. Mtu akinunua ng'ombe huanza na miguu. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma, na nimefuata hivyo kwa ng'ombe wote. Kwa gari lile nilitazama kwato, nikaacha miguu. Maisha yangu yote nimeendesha malori, na lori linapita juu ya jiwe, hukumbuki kama jiwe lilikuwepo. Nyumba yangu iko mlimani, juu ya mawe kama nyumba nyingi za Mwanza, na njia ya kuifikia ni mawe vilevile. Nilitoka kwenye lami nikiwa nimefungua paa, nimevaa kofia, nikapandisha. Kwenye kona ya pili gari likakaa juu ya jiwe kwa tumbo, tairi za nyuma zikizunguka hewani.

Majirani wakatoka. Wanaume wakazunguka gari, na jirani yangu mmoja, mwendesha bodaboda mstaafu ambaye hana heshima kwa mtu, akainama, akatazama chini, akatazama juu. "Mwenye malori amenunua kiatu," akasema. "Na cha pili kiko wapi, mzee?"

Walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kunyanyua, kisha wakanyanyua. Liliinuka kama meza. Wakalirudisha kwa mikono mpaka chini kwenye lami, nikaliegesha kando ya banda la mama anayekaanga chipsi, na hapo ndipo linapolala hadi leo. Huyo mama nikampa kazi ya kulitupia jicho.

Mke wangu aliona yote kutoka uani. Akashuka taratibu, akishika mawe kwa sababu ya magoti yake. Watu wakampisha. Akalizunguka gari mara moja. Akaniuliza linabeba nini.

"Halibebi kitu," nikamwambia. "Mimi na wewe."

Akafungua buti, akatazama lile shimo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, akafunga. Akasema chakula kiko mezani, akapanda kurudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amevaa kitenge cha kutokea. Sikuuliza, nikachukua funguo. Kuingia kwenye gari lile ni shughuli. Alitanguliza makalio, akavuta mguu mmoja na wa pili, akasema unakaa kama mtu anayekamua. Tukapita Usagara, tukashika barabara ya Kigongo. Watu pembeni walipunga mkono kama kawaida, na mguu wangu ukaenda kwenye breki kama kawaida. Mtu alikuwa akikaribia, anaona hakuna pa kukaa, anacheka, anarudi nyuma. Mke wangu alitazama mbele, ameshika kilemba.

Tukavuka daraja lile jipya. Zamani pale nimesubiri kivuko na lori la samaki barafu ikiyeyuka, nikatukana kila mtu aliyevaa sare. Sasa ni kama kupiga mluzi, umeshafika. Upande wa Busisi mananasi yalikuwa yamepangwa chini, makubwa, na muuzaji akanitajia bei ambayo ni nusu ya nusu ya ile ya mjini. Nilishaanza kuyabonyeza. Akaniuliza anipakilie mangapi. Mdomo wangu ulifunguka kusema yote, ninajijua. Nikageuka kutazama gari, na pale ndani ya gari alikuwapo mtu mmoja na nafasi ya mtu mmoja.

Nikanunua moja. Muuzaji akalimenya, akalikata vipande, mke wangu akashuka, tukala tumeegemea mlango.

Kilichonishangaza ni kwamba hatukuwa na haraka. Mzigo una mtu anayeusubiri, anapiga simu, uko wapi, umefika wapi. Nanasi halikuwa na anayelisubiri. Tukakaa. Mke wangu akaanza kunieleza habari za lile shamba la Nansio: mpaka wake uko wapi, nani analishia mbuzi humo bila ruhusa, na kwamba mjomba wake ameshalima sehemu ya juu kwa jembe la ng'ombe. Alieleza kama mtu anayeendelea na hadithi aliyokwisha kuianza zamani. Nikaelewa kuwa Nansio haikuwa kitisho cha Jumapili ile. Alikuwa nayo muda mrefu, ila kwenye pikapu daima kulikuwa na mtu wa tatu katikati yetu, anashukia mbele kidogo.

Sikumwuliza kama bado anakwenda. Yeye hakusema haendi. Tukafanya Jumamosi kadhaa hivyo, mara upande wa Magu, mara Kisesa tu na kurudi. Yadi ilikwenda bila mimi. Hilo sikulipenda sana, lakini ilikwenda.

Mvua zikaanza. Akaniambia Ijumaa anasafiri.

Nikamwambia nitamwagiza dereva asafishe lori moja. Godoro, kabati la vyombo, jiko, pipa la maji, vyote vitapanda meli siku hiyohiyo. Nilisema kama ninavyosema na mteja. Malori yalikuwa pale yadini, mawili hayana safari. Mtu anayehama nimembeba mara nyingi, najua anavyoonekana: amekaa juu ya godoro lake na ameshika picha za ukutani.

"Nipeleke na lile dogo," akasema.

Akaweka begi moja kwenye buti na jembe lisilo na mpini, akasema mpini ataupata huko huko. Buti likafungika kwa shida. Bandarini makuli wakatukimbilia, maana wananijua. Mmoja tuliyeanza naye kazi, sasa mvi tupu, akachungulia nyuma ya gari, akachungulia ndani. "Bosi, mzigo uko wapi?" Nikamwambia ndio huo. Akauchukua begani, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyefilisika, na akakataa kulipwa.

Mke wangu akaniambia nisisahau kunywa dawa ya presha, akapanda meli. Mimi si mtu wa kupunga mkono. Nilisimama pale mpaka watu wa lango wakaniambia gari langu linaziba njia.

Wanangu wakapiga simu mmoja mmoja. Mama amehama? Nikawaambia sijui. Nikaingia chumbani nikafungua kabati lake. Vitenge vya kanisani vilikuwa vimekunjwa palepale, na viatu vyake vya kisigino viko chini yake. Nikawapigia tena nikawaambia nilichokiona, wakaamue wenyewe, wao ndio wamesoma.

Jumamosi zile sikwenda popote. Nilishuka tu kwa mama wa chipsi, nikawasha gari, nikalisikiliza, nikazima. Jirani yangu alinitania mara moja kuhusu kiatu, akaona sicheki, akaacha.

Alipiga simu siku ya Alhamisi. Mihogo imeota, mbuzi wamefukuzwa, na mjomba atapalilia. Atarudi na meli ya Jumamosi, na msimu wa palizi ya pili atakwenda tena. Alikuwa akisema haraka, kuna watu karibu yake. Wamempa machungwa, gunia zima, mazuri ya Ukerewe, amewaachia wagawane.

Nikamwambia nitatuma pikapu ichukue machungwa.

"Pikapu huja na watu wake," akasema. "Njoo wewe na lile dogo."

Jumamosi nilifika bandarini kabla meli haijaonekana. Kiti cha pembeni kilikuwa kimeshika vumbi. Nikakifuta kwa mkono wa shati.