Mguu wa Déo Kwenye Kaburi la Héritier

Mama mkwe wangu, Mama Eulalie, kila alipokuja Bukavu kutoka Luhwindja, hakuwa akianza na salamu za nyumba. Aliketi, akavuta pumzi, akatazama mahali ambapo mguu wa kushoto wa mume wangu ungekuwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa aliyelala chumba cha pili:

"Déo, iko baridi kule?"

Na Déo, mwanaume mzima, fundi wa miavuli ambaye mtaa mzima wa Kadutu unaujua ubishi wake, alijibu kama mtoto wa katekisimu: "Iko baridi, maman. Na maji inaingia."

Basi mama alirudi kwao, akapanda kilima, akaongeza udongo juu ya kaburi na kulifunika kwa majani makavu ya migomba. Safari iliyofuata aliuliza tena. Mimi nilikuwa nikikimbilia jikoni nisisikie. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, masufuria ndiyo yanajua.

Lazima nieleze lile kaburi. Déo alichimba dhahabu Luhwindja pamoja na mdogo wake, Héritier. Shimo liliporomoka. Déo akatolewa, mguu umesagika. Héritier akabaki ndani, na mlima haukumrudisha. Kwetu mwili ukikosekana, huzikwa mgomba. Kipande cha shina hukatwa, huviringishwa shuka, hulaliwa matanga, kisha hushushwa kaburini ili marehemu apate mahali pa kutulia. Wazee walikuwa wameshakata mgomba wao. Mama akakataa. Alikuwa amefika kutoka hospitali na mguu wa Déo uliokatwa, ameufunga kwenye kitenge, maana hakuna mama anayeacha kiungo cha mtoto wake kitupwe.

"Nitazika mugomba ya nini," akawauliza, "na nyama ya tumbo yangu iko hapa?"

Wazee waliguna, lakini nani angebishana na mwanamke aliyepoteza mtoto mmoja na robo? Wakauzika mguu, na kwenye msalaba wakaandika jina la Héritier.

Tangu siku ile mguu ulianza kuuma. Sisemi kisiki, kisiki kilipona vizuri. Uliuma ule usiokuwepo. Vidole vilijikunja, kisigino kilibanwa, maji ya baridi yalipanda hadi kwenye kifundo. Mvua ikinyesha Luhwindja, Déo alilowa hapa Bukavu jua likiwaka. Nilidhani anatafuta kuhurumiwa, mpaka asubuhi moja nilipopita na ndoo mbele ya kiti chake, pale patupu. Alipiga yowe, akasema nimemkanyaga. Nikaomba msamaha. Niliuomba kwa nani, hadi leo sijui.

Vidonge vilishindwa. Watu wa maombi waliimba wakachoka, wakala ugali wangu wakaenda. Mwishowe Déo akamsihi daktari amkate tena, juu kabisa, karibu na nyonga. Daktari alikataa, alikataa, kisha akakubali: baada ya Pasaka. Niliona wazi kwamba nitamzika mume wangu vipande vipande.

Ndipo jirani yangu Christine akanipeleka kwa Maman Pascaline, ambaye hunyoosha viungo vya wagonjwa katika kliniki moja ndogo kule Nguba, na ambaye zamani alifundishwa na Wachina kazi ya kuchoma sindano. Nilimwambia usoni kwamba sindano isiyo na dawa ndani ni sufuria isiyo na unga. Hakununa.

"Ni kweli, dawa haina," akasema. "Siwezi kukudanganya, maman Delphine. Wenye kuchunguza walichoma watu wamoja sindano ya kweli, wengine ya uongo. Wale wa uongo nao wengi walisikia nafuu. Ya kweli ilizidi, lakini kidogo. Na juu ya muguu yenye haiko, bado hawajue muzuri."

"Sasa utamuchoma ya nini?"

"Juu bongo iko na picha ya mwili muzima. Muguu ilienda, picha ikabakia. Inaita, hakuna anajibu, basi inalia. Sindano inagonga kwa mulango. Pengine bongo itageuka, itaacha kulia."

Akamlaza Déo kitandani, akamchoma kwenye mguu wa kulia, ule mzima, na kwenye sikio. Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Uso wa Déo ukalegea, nikaanza kupata matumaini ingawa sikutaka. Baadaye Pascaline akazitoa zote, akazitupa kwenye kikopo.

"Umesahau moja," Déo akasema.

Pascaline akatazama mguu, akatazama sikio, akakung'uta shuka. Hapakuwa na kitu.

"Hapa," Déo akasema, akaonyesha hewa juu ya shuka, chini ya kisiki, mahali ambapo wayo wake ungekuwa. "Inaniuma. Uitoshe."

Pascaline akainama. Kisha akashika hewa kwa vidole viwili na kuvuta polepole. Déo akashusha pumzi ndefu. Nikaona vinyweleo vya mikono ya yule mama vimesimama, naye ndiye aliyekuwa ametoka kunieleza habari za picha.

Tulirudi wiki hadi wiki. Vidole vikakunjuka, maji yakashuka. Halafu mguu wenyewe ukaanza kufupika. Déo alisema wayo umepanda, sasa uko mahali pa goti, na siku nyingine akasema uko ndani ya kisiki, mdogo kama wa mtoto mchanga. Kabla ya Pasaka ukaisha. Daktari akafuta kukata. Nilipika samaki, nikaimba, nikamkuta Déo amekaa na mwavuli uliovunjika mapajani, hashoni.

"Maman atakuja," akasema. "Akiuliza Héritier anasikia je, nitamujibu nini?"

"Mudanganye. Umuambie iko muzuri."

"Sijamudanganyaka juu ya Héritier hata siku moja."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikikimbia kwa kujificha jikoni miaka yote ile. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kumpa habari za kaburi. Tulikuwa tumeuponya mdomo ambao Héritier alisemea.

Mama akaja. Akaketi, akauliza swali lake. Déo alikishika kisiki chake kwa mikono miwili.

"Sisikii kitu, maman. Muguu iliisha."

Hakulia. Akauliza tu ni nani aliyefanya hivyo, akasema tumpeleke. Njia nzima hadi Nguba nilikuwa natayarisha maneno ya kuamua ugomvi. Lakini mama aliingia, akasalimu kwa heshima, akaketi karibu na meza ya Pascaline, akavua kiatu cha kushoto na kunyoosha mguu.

"Kama sindano inafunga, inaweza kufungua," akasema. "Unichome mimi. Ni mi mama yake. Ni mi nilipashwa kumusikia."

"Maman, hii kazi siyo ya wafu."

"Sikukuuliza ni kazi ya nani. Choma."

Pascaline alinitazama, nikatazama chini. Akachukua kile kibomba kidogo cha plastiki ambacho sindano hupitia, akakisimamisha juu ya wayo wa mama, akakigonga kwa kidole. Mama akafumba macho. Vidole vya mguu wake vilijikunja polepole, kimoja kimoja, vikakaa hivyo, halafu vikaachia. Déo alinibana mkono hadi ukaniuma.

"Iko joto," mama akasema. Machozi yakamtiririka bila kubadili uso. "Déo, iko joto kule. Alishalala."

Déo akaweka kichwa chake mapajani mwa mama yake, akamlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu mlima ulipomchukua. Nami nililia, mimi niliyekuja kuamua ugomvi. Ndipo nikaona sindano. Ilikuwa mezani, ndani ya karatasi yake, haijafunguliwa. Pascaline alijua kwamba nimeiona. Niliifunika kwa mkono wangu kabla mama hajafumbua macho.