Simba wa Mguu Mmoja wa Njiru

Wenzangu, nikipita pale stendi mtu akinguruma nyuma yangu, msidhani sisikii. Nasikia sana. Nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana kila anayesimulia kisa hiki huongeza chumvi, na chumvi iliyomo tayari inatosha.

Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kuishi na mwanamke miaka tisa, wakazaa, wakanunua kitanda na kabati, lakini mpaka apeleke mbuzi watatu wa ntheo kwa wazazi wa huyo mwanamke, hana mke. Ana mgeni aliyekaa sana. Mimi na Mwende tulikuwa tumefikisha hiyo miaka tisa, na kila akienda kwao kwenye sherehe alikuwa anaketishwa na wasichana wasioolewa, anarudi hasemi na mtu siku mbili. Mwaka huu nikajipiga kifua. Nikanunua mbuzi watatu, nikawajengea zizi la mabati nyuma ya nyumba hapa Njiru, na baba mkwe akatupangia Jumamosi. Mwende akashona nguo. Mimi sijawahi kumwona akiimba huku anafua, lakini wiki hiyo aliimba.

Basi Jumanne jioni nikawanywesha mbuzi maji, na kwa kuwa mpira ulikuwa umeshaanza kule kibandani (na mnajua viti vya mbele haviwekewi mtu), nikausukuma mlango wa zizi kwa mguu nikaondoka. Komeo sikulirudisha. Hilo tu.

Asubuhi mbuzi walikuwa wawili. Beberu hayupo. Mwende akatoka na karai la nguo, akatazama zizi, akanitazama mimi.

"Baba Kioko, mbuzi wa tatu ako wapi?"

Mdomo wangu ukatangulia akili. "Fisi."

"Fisi amefungua komeo?"

"Fisi wa siku hizi ni wajanja, Mama Kioko."

Uongo ule ungefia pale pale uani kama si chifu. Alasiri hiyo hiyo alikuwa ameitisha baraza kuhusu fisi wanaotoka kule machimboni, kwa sababu walikuwa wamekula kondoo wa watu kweli kweli, na maafisa wa wanyamapori walikuwa wamekuja. Mwende akanishika mkono akanipeleka hadi mbele (mbele kabisa, wenzangu), akasema, "Huyu hapa, ameliwa mbuzi wa ntheo jana tu."

Watu wakaguna kwa huruma. Nami nikipewa huruma huwa nalewa.

Aliyekuwa anawatetea fisi ni Mwalimu Nekesa, mama aliyestaafu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alisema fisi walikuwa hapa kabla ya ploti zetu, kwamba mizoga tunayotupa machimboni inaliwa na wao wala si sisi, na kwamba mwenye mbuzi afunge zizi lake vizuri kabla ya kutaka damu ya mnyama wa Mungu. Hilo la kufunga zizi likanichoma pabaya. Nikasimama.

"Mwalimu, kwa heshima yako, wewe hata kuku huna! Serikali imempa fisi ulinzi. Haya, na mbuzi wangu apewe ulinzi na nani? Mwende wangu atazeeka kwa wazazi wake kwa sababu ya fisi?"

Makofi! Vijana wakapiga miluzi. "Sema, mbuyu! Sema, baba!" Mmoja akapendekeza watege nyama yenye sumu usiku huo huo, na wengi wakaitikia. Mwalimu akaketi polepole akishika goti lake. Nilijiona mbunge.

Afisa, mama mpole, akasema hakuna mtu wa kuweka sumu, ila kama kuna fisi mmoja aliyezoea mifugo, watamtega wamhamishe. "Kesho asubuhi tutaanzia kwako, mzee. Nyayo zipo?"

"Zimejaa," nikasema. (Hakukuwa na hata moja.)

Jioni Mwalimu akanipigia simu mara tatu, nikakata mara tatu. Nilidhani anataka kuendeleza mjadala.

Sasa mnajua kazi yangu ni kuchonga vinyago. Alfajiri nikachukua kipande cha jakaranda, nikachonga mguu. Kazi safi, ya nusu saa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ni laini, nikaanzia zizini nikigonga nyayo kama karani anayegonga mihuri, hadi kwenye ua wa nyuma. Kisha nikautupa ule mguu chini ya meza ya kazi, kati ya twiga na ndovu ambao hawajaisha, nikanywa chai.

Maafisa wakaja, na nyuma yao mtaa mzima. Walikuwa na mzee mmoja mfupi, askari wao wa miaka mingi, ambaye kazi yake ni kusoma nyayo. Akachuchumaa. Akaweka kidole. Akakizungusha ukingoni taratibu mpaka nikaanza kujivunia kazi yangu.

"Hii si fisi," akasema. "Fisi hawezi kuficha kucha. Zingeonekana hapa mbele. Huyu amezificha." Akavua kofia. "Afande, huyu ni simba."

Jamani. Miaka kumi na saba nimechonga simba! Watalii wanataka simba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza fisi, nani aweke fisi sebuleni? Na kucha hatuchongi, kwa sababu zinavunjika zikisafirishwa. Mkono ulifanya ulichozoea.

Kabla sijafungua mdomo, neno "simba" lilikuwa limeshafika Kangundo Road. Watu walikimbia wakaacha viatu. Mama wa mboga aliacha meza, sukuma, mizani na mteja. Milango ikafungwa pa, pa, pa, afisa akaita gari la bunduki za usingizi, na shule ya jirani ikaambiwa ifunge mageti. Na mimi? Nilikimbia pia, na kwa kasi, ingawa simba mwenyewe alikuwa chini ya meza yangu.

Kutoka dirishani nikamwona mzee wa nyayo peke yake nje, ameinama, anafuata alama moja baada ya nyingine, anakuna kichwa. Halafu nikamwona Mwalimu Nekesa. Anakuja barabarani, polepole, na fimbo mkono mmoja na kamba mkono mwingine, na kwenye kamba, anatafuna, beberu wangu.

"Mwalimu, rudi!" madirisha yote yakapiga kelele. "Kuna simba!"

"Simba gani?" akajibu bila kuongeza mwendo. "Baba Kioko! Mbuzi wako alikuwa kwangu tangu juzi, amemaliza kunde zangu. Jana nimetoka baraza ndipo nikamkuta nyuma ya nyumba, nimekupigia simu nikupe habari, unakata. Goti halikuniruhusu kuja."

Nikatoka. Ungefanya nini? Mwende akatoka nyuma yangu, akamtazama beberu, akanitazama, na sijui kwa nini nilifikiri bado naweza kusema kitu. Mzee wa nyayo akaniwahi.

"Afande," akaita, "simba huyu ana shida. Ana mguu mmoja tu. Wa mbele, wa kulia. Ametoka zizini mpaka kwenye ua akiruka kwa huo huo mmoja." Akanusa vidole. "Na anadondosha vumbi la mbao."

Akaingia kwenye karakana yangu, akatoka na mguu, akaupachika kwenye unyayo. Ukaingia vizuri. Niliwaambia ilikuwa kazi safi. Simu zilikuwa zimetokeza kila dirisha, na kicheko kilianzia ghorofani kikashuka.

Mwende peke yake hakucheka. Alikuwa analia. "Miaka tisa nimekungoja," akasema. "Ungeniambia umesahau komeo, ningekukasirikia mpaka saa nne, tungeenda kutafuta mbuzi. Sasa nitawaambia nini kwetu?" Akampigia baba yake mbele yangu akaahirisha Jumamosi. Niliona aibu ambayo watu wote wale wenye simu hawakuweza kunipa.

Nilimwomba Mwalimu msamaha kwenye baraza lililofuata, kwa kipaza sauti, na nikasema mwenyewe kwamba asiyefunga zizi asimlaumu fisi. Wazee wa kwa kina Mwende wakaniwekea faini ya mbuzi wa nne, na tarehe mpya baada ya mwezi. Mwende akarudi kuimba, ingawa kwa sauti ya chini. Nami nikaapa sitamdanganya mke wangu tena maishani.

Kiapo hicho nimekivunja mara moja tu. Wiki moja kabla ya ntheo niliamka nikakuta komeo liko mahali pake, nimelifunga mwenyewe na kulikagua mara mbili, lakini bati la nyuma limeng'olewa, kuna damu, yule mbuzi wa faini hayupo, na kwenye matope kuna nyayo za miguu yote minne, kila kucha inaonekana. Mwende akatoka na kikombe cha chai, akaniuliza imekuwaje. Nikasimama mbele ya lile bati nikalifunika kwa mgongo.

"Nisamehe, Mama Kioko," nikamwambia. "Nilisahau kufunga mlango."