Alvah Dunkel Asiyesema "Chini"

Alvah Dunkel alikuwa mkaidi tangu utotoni, na kwao Iowa walimsifu kwa hilo. Baba yake, mfugaji wa nguruwe, aliwahi kung'olewa jino na fundi viatu bila kuguna, akalisimulia jambo hilo kwa miaka. Mwana akarithi. Alipoingia Chuo cha Bellamy, mabega yake yalimpeleka moja kwa moja kwenye timu ya mpira, ule wa kukumbatia kifuani na kukimbia nao huku watu wakikuangukia.

Siku hizo mchezaji aliyekamatwa hakuokolewa na filimbi. Ilimpasa aseme mwenyewe: "Chini!" Asiposema, wapinzani walikuwa na haki ya kumburuta nyuma hadi watakako, na wakimvusha mstari wa goli la timu yake walipata pointi mbili. Alvah hakuwahi kulisema neno hilo. Kwake lilikuwa sawa na kuomba radhi.

Ule ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi ya vyuo vya pale, na hadi Novemba ni Bellamy na Prentiss tu ambao hawakuwa wamefungwa. Hakukuwa na kocha; nahodha, Lyman Teague, ndiye aliyepanga timu.

"Sikiliza, Dunkel," alimwambia asubuhi ya mechi yao na Prentiss. "Leo ukishikwa, sema. Ukijifanya bubu, jezi hii huivai tena."

"Mimi silali chini, Teague."

"Nani kakwambia ulale? Sema tu, bwana."

Alvah akaivaa jezi. Aliipenda jezi ile kuliko masomo yote, na kila mtu alilijua hilo.

Bellamy waliongoza sita kwa tano, muda ukiyoyoma. Prentiss wakapiga mpira juu, Alvah akaudaka karibu na mstari wa goli la Bellamy. Wakamvamia kundi zima.

"Sema, mfuga nguruwe, ukapumzike," mmoja wao akamdhihaki.

Mwamuzi aliinama, akangoja. Teague alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Alvah aliburutwa kinyumenyume, visigino vikichimba matope, mpaka akaiona milingoti ya goli lao juu ya kichwa chake. Hapo hofu ikamshika.

"Chini," akasema.

"Umechelewa, kijana," mwamuzi akajibu, akawapa Prentiss pointi mbili, na ubingwa ukaenda nazo.

Teague alimkuta bado amelala matopeni. Hakumtukana. Alinyoosha mkono apewe jezi.

"Kumbe neno unalijua," alisema.