Ulimi wa Bi Chumvi

Kwa miaka thelathini na mmoja alichovya kidole tangini, akakilamba, akasema chumvi ya maji imefikia wapi, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Ndiyo maana pale kwenye kituo cha kukuzia samaki jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wote walimwita Bi Chumvi. Kipima chumvi kilipoharibika mwezi uliopita, ombi la kununua kipya lilipelekwa ofisini na huko likalala usingizi wa pono. Nani ahangaike, na ulimi upo?

Kazi yenyewe ni ya kusubiri, na kusubiri kunachosha kuliko kubeba magunia. Samaki wale huzaliwa mtoni na kukulia baharini. Katika maji baridi hawana haja ya kunywa; shughuli yao ni kuyatoa maji yanayowaingia mwilini. Baharini mambo hugeuka: mwili hukaushwa, inabidi wanywe, na matamvua yajifunze kuitoa chumvi nje. Huwezi kuwaharakisha. Kila siku Bi Chumvi aliongeza maji ya bahari kidogo, akaonja, akawaacha vifaranga wazoee, kesho yake akaongeza tena. Wiki mbili nzima, magoti yakimuuma.

Juzi vifaranga elfu tatu wa tangi la kwanza walipelekwa kwenye vizimba vya baharini. Jana asubuhi walikuwa wakielea, matumbo juu.

Msimamizi aliwaka. Kwa kuwa dereva wa lori alichelewa njiani saa nzima, lawama zote akatupiwa yeye: kawachemsha samaki juani. Barua ya kumfukuza ilikuwa inaandikwa. Bi Chumvi alimwonea huruma, lakini, tuseme ukweli, alishusha pumzi pia kwamba lawama hazikumfikia yeye. Vifaranga wa tangi la pili walipangwa kuondoka kesho.

Mchana walikula kwenye benchi nyuma ya chumba cha pampu. Fundi wa pampu alimmegea chakula chake. Bi Chumvi alitafuna tonge moja akakunja uso.

"Mkeo leo kamwaga kopo zima la chumvi?"

"Wewe mama! Mimi hapa nanung'unika kwamba hakijakolea."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye alianza kuhesabu miezi. Ilikuwa miezi mitatu tangu daktari amkataze chumvi kwa sababu ya presha, na dada yake anayeishi naye alimpikia chakula chapwa asubuhi na jioni. Mwanzoni alikula kama anayetumikia kifungo. Baadaye akazoea, hata akasahau kwamba amezoea. Sasa chembe moja tu ilitosha kuujaza mdomo.

Aliacha sahani, akachota kikombe cha maji ya tangi la pili. Aliyaonja, kwake yalikuwa bahari kabisa. Akampelekea dereva, aliyekaa kwenye ngazi ya lori akisubiri barua yake.

"Onja, mwanangu."

"Nionje tena? Nimeshaambiwa muuaji, mama, sasa mnataka na mimi nielee?"

"Onja tu."

Dereva alionja, akameza, akaonja tena. "Mbona haya kama ya bomba? Chumvi naisikia kwa mbali sana."

Bi Chumvi alikipokea kikombe. Samaki elfu tatu aliwatuma baharini kabla hawajajifunza kitu. Angeweza kunyamaza. Angefungua bomba la maji ya bahari, atafute kisingizio cha kulizuia tangi la pili wiki moja, na hakuna ambaye angejua. Dereva bado kijana, angepata lori jingine. Wazo hilo lilimpitia, akaona aibu kuwa limepita kichwani mwake. Lakini ulimi ndicho kitu pekee pale kituoni kilichokuwa chake. Matangi ya watu, samaki wa watu, hata gambuti alizovaa zilikuwa za kituo, na akikiri angebaki mikono mitupu.

Hata hivyo alipanda ngazi za ofisi akipumzika kila hatua ya tatu. Msimamizi alikuwa akipiga muhuri.

"Bi Chumvi, subiri kidogo, nimalize barua ya huyu dereva."

"Hujakosea barua, bosi. Umekosea jina tu. Futa lake, uandike langu. Na tangi la pili lisiondoke. Tafuteni mtu mwingine wa kuonja."

Msimamizi alimtazama, muhuri ukiwa hewani. Bi Chumvi hakungoja kukaribishwa. Alivuta kiti akakaa, maana kwa kweli alikuwa amechoka.