Pande la Heshima

Juzi, kwenye bucha moja ya Thika, mama aliyenitangulia alinunua ratili mbili za nyama. Muuza nyama akamwekea juu pande nono la mafuta, kama anavyowafanyia wake wa watu wakubwa.

Mama akalishika kwa vidole viwili, akalirudisha mezani.

"Mama, hiyo ni heshima ya mzee wako, karani wa stesheni," muuza nyama akasema.

"Daktari amesema moyo wake umechoshwa na heshima hizi."

"Watu watasema unamnyima."

"Na waseme. Afadhali waseme nikiwa bado na mume."

Zamu yangu ilipofika, nikawekewa pande lile lile. Nikalirudisha. Sasa huku mtaani kwetu Kiganjo naitwa maskini, ati mtu wa hadhi hakatai mafuta. Waache waniite, mradi nipo wa kuitika.